Mwenye Heri Isidore Bakanja, Kijana wa Kazi na wa Rozari



Tarehe 24 Aprili 1994, mjini Roma, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mkongo mmoja kuwa Mwenye Heri. Siku zile Maaskofu wa Afrika walikuwa wamekusanyika huko katika Sinodi yao, na ng'ambo ya mto Ruzizi, karibu kabisa na Bukavu yetu, damu ya watu wasio na hatia ilikuwa ikimwagika Rwanda. Mtu aliyetangazwa hakuwa padri, wala mtawa, wala mwana wa mwami, wala mtu wa vitabu. Alikuwa kijana wa kazi: kwanza msaidizi wa waashi, kisha mtumishi wa nyumbani. Tangu kubatizwa kwake hadi kufa kwake ilipita miaka mitatu na miezi mitatu tu.

Watu wengi wakisikia habari za mashahidi wa imani hutazama siku ile moja ya mateso, wakastaajabu, wakasema kwamba wao hawawezi. Hawatazami siku zilizotangulia. Nguvu aliyoionyesha Bakanja siku ya mjeledi alikuwa ameikusanya jioni kwa jioni, kama mama akusanyavyo kuni kabla ya masika. Basi nitasimulia zaidi habari za hizo jioni, kwa maana hizo ninyi pia mnazo.

Isidore Bakanja alizaliwa kati ya miaka ya 1885 na 1890, katika kijiji cha Bokendela, kwenye misitu mikubwa ya Ekwateri, mbali sana na Kivu upande wa magharibi. Baba yake aliitwa Iyonzwa, mama yake Inyuka, nao walikuwa watu wa kabila la Boangi. Ilikuwa nchi ya mito na vinamasi, ambako watu walisafiri kwa mtumbwi kuliko kwa miguu.

Kongo wakati ule ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Makampuni yalitafuta pembe za tembo na mpira. Mpira ulitoka katika utomvu wa mitambaazi ya msituni, na wenyeji walilazimishwa kuuleta kwa kipimo kilichowekwa. Aliyepunguza kipimo alipata fimbo, au kifungo, au zaidi ya hayo. Ubaya huo ukajulikana hata Ulaya, na mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ikaichukua nchi mikononi mwa mfalme. Lakini huko ndani ya misitu mawakala wa makampuni waliendelea kuwa wafalme wadogo, kila mmoja katika kituo chake.

Bakanja alipokuwa kijana aliacha kwao akaenda kutafuta kazi mjini Coquilhatville, mji uitwao sasa Mbandaka. Alipata kazi ya kuwasaidia waashi: kuchanganya udongo, kubeba matofali, kuchota maji. Kila mtu aliyewahi kubeba matofali katika vilima vya Bukavu anajua jioni yake ilivyo. Mgongo unauma, mikono imechubuka, na moyo hautaki kitu kingine ila chakula na usingizi. Katika jioni za namna hiyo Bakanja alianza kujifunza dini.

Waliomfundisha ni Mapadri Watrapisti waliotoka monasteri ya Westmalle, Ubelgiji. Hao ni watawa wa sheria kali. Maisha yao yamegawanyika kati ya sala na kazi za mikono, na kengele huwaita kwenye sala usiku na mchana. Nadhani si jambo dogo kwamba kijana mfanyakazi alifundishwa imani na watu wa namna hiyo. Kwao hakuwaona watu wanaosali kwa sababu hawana kazi. Aliona watu walioshika jembe na rozari kwa mikono ile ile.

Tarehe 6 Mei 1906, siku ya Jumapili, Bakanja alibatizwa akapewa jina la Isidore. Mwaka huo huo wa 1906 ndipo Mapadri Weupe walipoanza kazi yao huku Bushi, pale Nyangezi. Kwa hiyo ubatizo wake una umri sawa na imani ya nchi yetu. Tarehe 25 Novemba ya mwaka huo alipokea Kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 Komunyo ya kwanza. Tazameni basi: tangu kubatizwa hata kukaribia meza ya Bwana alingoja mwaka mmoja na miezi mitatu. Katika mafundisho yetu wako wanaonung'unika wakiambiwa wangoje hata Pasaka ijayo.

Wabatizwa wa Watrapisti walipewa vitu viwili vya kuvaa na kushika: rozari, na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa cha rangi ya kahawia, vilivyounganishwa kwa uzi. Kimoja hukaa kifuani na kimoja mgongoni. Katika nchi ile ambamo Wakristu walikuwa wachache sana, mtu alijulikana kwa vitu hivyo kwamba ni mfuasi wa Kristu.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa maana najua wazo linalowajia baadhi yenu. Mtu aliyezoea kumwona bibi yake akimfunga mtoto hirizi shingoni anaweza kudhani kwamba skapulari ni hirizi ya Wazungu. Sivyo. Hirizi huvaliwa ili baya lisimpate mtu. Skapulari ya Bakanja haikuzuia hata pigo moja lisimfikie; tena, kama mtakavyosikia, yeye alipigwa kwa sababu yake. Nayo si sakramenti, wala Kanisa halimlazimishi mtu yeyote kuivaa. Ni alama tu ya kusema kwamba aliyeivaa amejiweka chini ya ulinzi wa Mama wa Mungu, na kwamba anataka kuishi kama mwana wa nyumba hiyo. Asiyesali na asiyeishi hivyo amevaa kitambaa.

Mkataba wake wa kazi ulipokwisha, Isidore alirudi kwao. Lakini kijijini hapakuwa na Mkristu mwingine wala padri wa karibu, na yeye alitamani kuishi pamoja na watu wa sala. Kwa hiyo akaondoka tena, akaenda Busira, akapata kazi ya nyumbani kwa Mzungu mmoja aitwaye Reynders, wakala wa kampuni kubwa ya Wabelgiji iliyofanya biashara katika Kongo ya juu. Reynders alipohamishiwa kituo cha Ikili, alitaka kwenda pamoja na mtumishi wake. Wako waliomwonya Isidore asiende, maana habari za Ikili zilikuwa mbaya. Yeye akaenda na bwana wake.

Mkubwa wa kituo cha Ikili aliitwa Van Cauter. Wenyeji walimwita Longange. Huyo aliwachukia wamisionari na kila kitu kilichotoka kwao, na hakuwa peke yake. Mawakala wengi wa mpira hawakupenda mapadri, kwa sababu padri humfundisha mfanyakazi kwamba yeye pia ni mwana wa Mungu, na tena padri ana macho ya kuona na kalamu ya kuandika habari za fimbo na minyororo. Mfanyakazi asaliye, machoni pa Longange, alikuwa mfanyakazi ambaye kesho angeweza kukataa.

Je, Isidore alifanya nini pale Ikili? Alifanya kazi yake. Hilo nalitaja kwanza kwa makusudi, kwa sababu wako Wakristu wanaotumia sala kama kisingizio cha kuacha kazi ya watu. Isidore aliisali rozari yake katika nafasi alizokuwa nazo, saa za mapumziko na baada ya kazi. Hakuwa na kanisa wala padri, kengele wala kitabu. Alikuwa na vidole vyake, na shanga, na sala zile alizojifunza kwa kuzirudia mbele ya mwalimu, kama mnavyozirudia ninyi: Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki. Wenzake walipomwuliza, aliwafundisha hizo hizo, hata wengine wakamhesabu kuwa katekista, ingawa hakuna aliyempa kazi hiyo.

Wengine huniambia kwamba kurudia maneno yale yale kila siku ni jambo la watoto. Nawajibu kwa hesabu. Katika rozari ya mafumbo matano, Baba Yetu husaliwa mara 6: mara moja mwanzoni, na mara moja kwa kila fumbo. Kila mara tunamwomba Mungu atusamehe kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea. Mtu asaliye rozari moja kila siku, kwa mwaka mmoja amelitamka ombi hilo zaidi ya mara 2,000. Huenda mara nyingi alikuwa amechoka, au mawazo yake yalikuwa sokoni Kadutu, au kwenye mihogo yake inayoibwa. Hata hivyo neno linazidi kuzama, kama tone la maji juu ya jiwe. Shikeni hesabu hii, maana tutaihitaji tutakapofika Busira.

Longange alipojua habari hizo, alikataza. Isidore asiwafundishe wenzake kusali, na avue kitambaa kile cha mapadri. Isidore aliomba ruhusa aache kazi arudi kwao, akanyimwa. Jambo hili halisimuliwi sana, nami naona lina maana. Hakutafuta mateso. Alitafuta njia ya kuondoka kwa amani, kama mtu mwenye akili. Njia ilipofungwa, akabaki na kuendelea kama kawaida yake. Longange alipomwona tena na skapulari, aliamuru apigwe mapigo 25.

Hapo kila mmoja wetu angejishauri. Skapulari ingeweza kufichwa chini ya mkeka mpaka mkataba uishe. Nimekwisha sema kwamba kutoivaa si dhambi. Kwa nini basi hakuificha? Naona sababu ni hii: Longange hakujali kitambaa. Alitaka mtumishi wake akubali kwamba katika kituo cha Ikili hakuna Bwana mwingine ila yeye. Angetaka kumjaribu kwa jambo kubwa, kama kumkana Kristu kwa maneno, labda angeshindwa mapema zaidi. Akamjaribu kwa jambo dogo. Shetani naye ana desturi ya kuanza na vidogo. Anaanza na sala ya asubuhi iliyoachwa kwa sababu ya baridi, na ishara ya msalaba iliyofichwa kwa sababu ya wageni mezani.

Tarehe 2 Februari 1909, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, Longange aliiona skapulari tena shingoni mwa Isidore. Aliinyakua, akaitupa kwa mbwa wake. Kisha akaleta mjeledi wa ngozi ya tembo uliokuwa na misumari nchani, akaamuru Isidore alazwe chini na watumishi wampige. Nao kwa hofu yao wakapiga. Mapigo yalipita mia moja. Waliokuwapo walishindwa kuyahesabu. Longange mwenyewe alimkanyaga na kumpiga mateke. Mgongo wote ukawa kidonda kimoja. Baadaye walimburuta mpaka nyumba iliyotumika kwa kazi ya mpira, wakamfunga miguu kwa minyororo yenye uzito, wakamwacha humo siku nyingi.

Kisha ikaja habari kwamba mkaguzi wa kampuni, aitwaye Dörpinghaus, anakaribia Ikili. Longange akaogopa mgonjwa asionekane. Akamtoa kifungoni, akamwamuru aende kijiji kingine kwa miguu. Mtu aliyepasuka mgongo hivyo angetembea wapi? Isidore alijikokota kidogo, akajificha msituni. Mkaguzi alipopita, alimwona mtu akitoka kati ya miti, mgongo umeoza na kutoa harufu, akijivuta kwa vijiti. Dörpinghaus, ingawa alikuwa mtu wa kampuni ile ile, alishikwa na hasira na huruma. Alimkinga na Longange, akamtia katika mashua yake, akampeleka Busira apate kuuguzwa. Haifai tumsahau Mzungu huyo tunapomtaja mwenzake.

Tangu Februari hadi Agosti Isidore aliugua. Dawa za wakati ule hazikuweza kuponya vidonda vilivyofika mifupani. Alilala kifudifudi, inzi juu yake, na rozari mkononi. Wakristu wa Busira walimzunguka na kusali pamoja naye. Alimwomba mkaguzi kwamba akimwona mama yake, au akienda kwa hakimu, au akikutana na padri, awaambie kwamba yeye anakufa kwa sababu ni Mkristu.

Angalieni kwamba katika ombi hilo hakimu ametajwa. Huku kwetu Kivu, tangu vita vya mwaka 1996 na vile vilivyofuata, ni vigumu kukuta nyumba isiyo na mtu wa kusamehe, na kila mwaka katika mafundisho swali hilo huniletewa: je, kusamehe ni kunyamaza? Ni kusema kwamba lililotendwa si kitu? Isidore hakunyamaza. Alitaka ukweli ufike kwa mama, na kwa padri, na kwa mwenye kazi ya kuhukumu.

Tarehe 24 na 25 Julai 1909 mapadri wawili, Grégoire Kaptein na Georges Dubrulle, walifika Busira kumwona. Waliyasikia maungamo yake, wakampa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo Takatifu. Kwa huyo aliyengoja Komunyo yake ya kwanza muda mrefu, hii ilikuwa ya mwisho. Mapadri wakamwuliza habari za Longange, wakamhimiza amsamehe. Isidore aliwajibu kwamba hana hasira naye, na kwamba atakapofika mbinguni atamwombea sana.

Mapadri walikuwa wamekuja na shauri zito la kumpa mgonjwa. Wakakuta limekwisha tekelezwa. Hakuhitaji siku tatu za kujishindania. Kumbukeni sasa ile hesabu ya Baba Yetu. Kijana huyu alikuwa amemwomba Mungu neno hilo mara nyingi zisizojulikana, akiwa mzima, juu ya makosa madogo madogo ya waashi wenzake, labda juu ya matusi tu, au chakula kilichogawanywa vibaya. Saa ya kosa kubwa ilipofika, ulimi na moyo vilikuwa vimekwisha jua njia. Mimi nawashauri mwanze huko huko: jirani aliyesogeza mpaka wa shamba kwa hatua moja, shemeji asiyerudisha salamu. Mtajeni mtu huyo kwa jina lake kimoyomoyo mnapofika kwenye neno lile la Baba Yetu, leo na kesho na kesho kutwa, hata kama moyo unakataa. Moyo huchelewa, ulimi utangulie.

Majuma matatu mengine Isidore aliishi. Ikafika tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Jumapili na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni. Wakristu wa Busira walikusanyika kusali, kwa kuwa padri hakuwapo. Isidore, ambaye kwa siku nyingi hakuweza kusimama, aliinuka. Alitembea polepole mpaka kwenye migomba, rozari mkononi, bila kusema na mtu, kisha akarudi. Akala chakula kidogo, akajilaza, akafa.

Walimzika akiwa amevaa skapulari, na rozari mkononi. Mwaka 1917 mifupa yake ilihamishwa ikapelekwa kwenye misioni ya Bokote, na huko Wakristu huenda kusali kaburini pake.